Asilimia 100.01: Kumfundisha Kijana Kulifuata Dai Hadi kwenye Waraka

Hotuba kwa walimu wa sekondari na walezi wa vikundi vya vijana, Mombasa

Walimu wenzangu, walezi wa vikundi vya vijana, na nyinyi mliotoka maskani za Likoni, Kisauni na Changamwe mkakubali kuiacha Jumamosi yenu, hamjambo nyote.

Naomba tuanze kwa hesabu, maana simu ziko mikononi na kikokotoo kimo ndani. Andikeni namba nne: 50.49, 48.85, 0.44 na 0.23. Jumlisheni. Jibu ni 100.01.

Hizo ndizo asilimia za wagombea wanne wa urais wa Kenya zilizotangazwa tarehe 15 Agosti 2022. Kesho yake makamishna wanne wa Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka walisimama mbele ya kamera wakasema kwamba jumla imepita mia, na kwamba ile 0.01 ya ziada ni sawa na kura zipatazo 142,000. Namba hiyo ilipita kwenye vikundi vya WhatsApp na kwenye vijiwe kama moto wa makuti.

Sasa tuendelee na kikokotoo. Kura zenyewe zilikuwa 7,176,141, halafu 6,942,930, halafu 61,969, halafu 31,987. Jumla yake ni 14,213,027. Asilimia moja ya jumla hiyo ni kura 142,130. Asilimia 0.01 ni sehemu ya mia ya hizo, yaani kura 1,421. Hapo kosa la kwanza limejitokeza: nukta imehama nafasi mbili. Lakini hata hizo 1,421 hazipo. Gawanyeni kura za kila mgombea kwa jumla, mbakishe tarakimu nne baada ya nukta. Mtapata 50.4899, 48.8491, 0.4360 na 0.2251. Tazameni kinachotokea mkizikadiria hadi tarakimu mbili: zote nne zinapanda. Hakuna hata moja inayoshuka. Vipande vinne vidogo vimepanda pamoja vikazaa ile 0.01. Na mkijumlisha zile zenye tarakimu nne mtapata 100.0001, ziada iliyopungua mara mia. Kadiri unavyoongeza tarakimu ndivyo ziada inavyonyauka, na hiyo ndiyo alama ya ziada iliyozaliwa na ukadiriaji. Kura ya mtu haipungui kwa sababu umeongeza tarakimu.

Tuelewane hapa. Hesabu hii haiamui nani alishinda. Mzozo wa uchaguzi ule ulikuwa na hoja nyingine nyingi, ukaenda Mahakama ya Juu, na hukumu ikatolewa tarehe 5 Septemba 2022. Hesabu inaamua jambo moja tu: dai la kura 142,000 halisimami. Kijana lazima ajifunze kuliamua dai moja bila kudhani ameamua kesi nzima.

Hesabu hii ni ya darasa la saba, na namba zote zilikuwa hadharani tangu jioni ya tarehe 15. Kilichokosekana ni mazoea ya kuiona namba inayochoma roho, kisha kuketi nayo dakika kumi kabla ya kuipeleka mbele. Mazoea hayo hufundishika, na ndiyo yaliyotukutanisha. Ninachowaomba mkichukue leo ni hiki: tumpime kijana kwa uwezo wake wa kulifuata dai mpaka kwenye waraka lilikozaliwa, halafu kutoka kwenye waraka mpaka kwenye ofisi inayopaswa kujibu. Kijana anayejua tu kusema "hii ni feki" amefika nusu ya njia, na nusu hiyo ina hatari yake.

Masomo mengi ya aina hii humwonyesha mwanafunzi mifano ya uongo mtupu: picha ya zamani, barua ya kughushi, video iliyokatwa. Baada ya mifano kumi, mwanafunzi mwerevu anagundua kwamba jibu la mwalimu ni lile lile kila mara, naye anaanza kujibu "uongo" bila kuangalia. Mpe taarifa ya kweli siku hiyo, ataikataa. Tunadhani tumemwamsha, kumbe tumemzoesha kutoamini chochote. Na asiyeamini chochote haoni sababu ya kwenda kwenye kikao cha maoni, wala ya kujiandikisha kupiga kura, wala ya kuuliza pesa za zahanati zimekwenda wapi. Anayeeneza uongo hahitaji kijana auamini uongo wake. Inamtosha kijana akichoka.

Kwa hiyo vipangeni vipindi hivi: katika kila taarifa nane mnazopeleka darasani, nne ziwe za kweli, tatu za uongo, na moja iwe ile ambayo ushahidi uliopo hautoshi kuamua. Katika zile za kweli, mbili ziwe za kushangaza kiasi kwamba mtu angeapa ni uzushi. Swali la kipindi lisiwe "ni kweli au uongo?" Liwe "umejuaje?" Alama zitolewe kwa njia. Jibu sahihi la kubahatisha lipate sifuri, hata likiwa la mwanafunzi tunayempenda. Na yule atakayesema "nimetafuta hapa na hapa, sijapata cha kutosha" apate alama zote, mradi aonyeshe alikotafuta.

Kuhusu njia yenyewe, yako mambo tuliyozoea kuyafundisha ambayo sasa tuyaache. Angalia kama anwani ya tovuti inaishia kwa .org. Angalia makosa ya tahajia. Angalia nembo. Angalia kama pana ukurasa wa "Kutuhusu". Mwenye kughushi naye anayo orodha hiyo hiyo, na huifuata kwa bidii kuliko sisi. Kabla ya uchaguzi wa 2017 zilisambaa nchini video mbili za kughushi, moja ikiwa na nembo ya CNN na nyingine ya BBC, zikidai kuripoti kura ya maoni kuhusu urais. Nembo zilikuwa mahali pake, maandishi yalipita chini ya skrini kama kawaida. Mashirika yote mawili yalizikana. Aliyetazama sura ya video hakuwa na namna ya kujua. Aliyetoka nje ya video akaenda kutafuta taarifa hiyo kwenye tovuti za mashirika yenyewe alijua kwa dakika mbili.

Huko kutoka nje ndiko tunakokuita kusoma kando. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, waliwaketisha watu 45 mbele ya kompyuta: wanahistoria 10, wahakiki wa habari 10, na wanafunzi 25 wa chuo hicho. Wasomi wale, wanahistoria na wanafunzi, mara nyingi walibaki ndani ya ukurasa, wakausoma juu mpaka chini, wakavutiwa na nembo na majina makubwa. Wahakiki waliuacha ukurasa karibu mara tu walipofika, wakafungua kurasa nyingine pembeni kuuliza: huyu ni nani, analipwa na nani, wengine wanasemaje juu yake? Walisoma kidogo zaidi, wakajua zaidi, na kwa muda mfupi. Mwalimu anayemwambia mtoto "soma kwa makini hadi mwisho" anamfundisha jambo jema kwa kitabu cha fasihi na jambo baya kwa ukurasa asioujua mwenyewe.

Basi hatua ziwe hizi. Moyo ukienda mbio, kwa hasira, hofu au furaha, simamisha kidole. Toka kwenye chapisho. Tafuta jina la aliyelichapisha pamoja na jambo analodai, soma vichwa vya matokeo yote ya ukurasa wa kwanza kabla ya kubonyeza chochote. Tafuta aliyesema kwanza, kwa sababu machapisho 40 yanayonakiliana ni shahidi mmoja. Kisha fungua waraka. PesaCheck, Africa Check na dawati la Piga Firimbi la Africa Uncensored hufanya uhakiki wa madai ya Kenya, na vijana wazijue anwani zao. Lakini wajue pia kwamba kukosekana kwa dai kwenye tovuti hizo si ushahidi kuwa ni kweli. Wahakiki ni wachache, na wao hufika baada ya uvumi.

Jambo dogo kuhusu WhatsApp, kwa sababu vijana wetu wanaishi humo. Ujumbe uliopita mikono mingi huwekwa alama ya mishale miwili, na tangu Aprili 2020 ujumbe wa namna hiyo unaweza kusambazwa kwa gumzo moja tu kwa wakati. Mtu akinakili maandishi na kuyabandika upya, au akipiga picha ya skrini, mishale inapotea. Kwa hiyo mishale ikiwapo, tahadhari. Isipokuwapo, usihitimishe lolote.

Picha na video nitazipitia haraka, maana zana zinajulikana. Google Lens na TinEye zitakuonyesha picha ilikwisha kutokea wapi. Kwa video, simamisha mahali patatu au pane pale mandhari yanapobadilika, upige picha za skrini, uzitafute moja moja. Soma mabango ya maduka, namba za magari, sare za polisi, sikiliza lugha inayozungumzwa nyuma. Msiwafundishe tena kuhesabu vidole ili kutambua picha za akili unde (AI). Dosari hizo zinatoweka mwaka hadi mwaka, na kijana aliyezitegemea atabaki mikono mitupu. Swali la picha ilitoka kwa nani halichakai.

Sasa tuje kwenye waraka, na hapa naomba subira yenu, kwa sababu ndipo vipindi vingi vinapoishia njiani.

Chukueni Mswada wa Fedha wa 2024. Mwezi wa Mei na Juni mwaka ule vijana wa Kenya walifanya jambo ambalo vitabu vya uraia vilikuwa vikilihubiri bila kulipata: walisoma mswada. Waliufafanua kwa lugha za makwao, wakaujadili usiku kucha kwenye mikutano ya sauti ya mtandao wa X, wakatengeneza hata programu ya akili unde ya kujibu maswali juu yake. Wengine walipoteza maisha barabarani, kwenye maandamano ya kuupinga, na hatuwezi kulitaja somo hili bila kuwakumbuka. Deni letu kwao ni kuwafundisha walio nyuma yao jinsi ya kusoma mswada vizuri.

Kwenye mabango liliandikwa neno "mkate". Mwanafunzi akifungua mswada akatafuta sentensi inayosema "mkate utatozwa kodi ya asilimia 16", haipati. Atadhani amedanganywa. Hapo ndipo mwalimu anahitajika. Mswada wa kurekebisha sheria hausimulii. Unafuta, unaingiza, unabadilisha maneno katika sheria nyingine. Mkate wa kawaida ulikuwa kwenye orodha ya bidhaa zinazotozwa VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, kwa kiwango cha asilimia 0, katika jedwali la pili la sheria ya VAT. Mswada ulipendekeza kuutoa humo. Bidhaa ikitoka kwenye orodha hiyo bila kupelekwa kwenye orodha nyingine, inaangukia kiwango cha kawaida, asilimia 16. Kwa hiyo mwanafunzi anahitaji karatasi mbili mezani, mswada na sheria mama, na kidole kimoja juu ya kila moja. Sheria zote za Kenya zinapatikana bure kwenye tovuti ya Kenya Law, na miswada iko kwenye tovuti ya Bunge.

Hapo hapo wafundisheni tofauti ambayo hata watangazaji huikosea. Bidhaa ya kiwango cha asilimia 0 na bidhaa iliyosamehewa VAT zote mbili hazimtozi mnunuzi kodi dukani. Lakini mwoka mikate wa bidhaa ya asilimia 0 hurudishiwa VAT aliyolipia karatasi za kufungia na vinginevyo, na yule wa bidhaa iliyosamehewa harudishiwi, kwa hiyo gharama hiyo anaipeleka kwenye bei. Maneno mawili yanayofanana, bei mbili tofauti. Mwambieni mwanafunzi apige hesabu: mkate ukiwa shilingi 65, VAT ya asilimia 16 ni shilingi 10.40.

Zoezi la pili ni la magari. Mswada ulipendekeza kodi ya asilimia 2.5 ya thamani ya gari, isipungue shilingi 5,000 na isizidi 100,000. Gari la 800,000 lingelipa 20,000. Ili ufike 100,000 gari liwe la milioni 4 au zaidi. Sasa wapeni mabango mawili mliyoyaandika nyinyi wenyewe, moja likisema "kila mwenye gari atalipa laki moja" na jingine "kodi ya magari ni 5,000 tu." Yote mawili yana namba iliyo kwenye mswada, na yote mawili yanapotosha. Vijana wakiweza kueleza kwa nini, wameelewa kwamba upotoshaji mwingi hujengwa kwa vipande vya kweli.

Liko kosa jingine ambalo orodha za kawaida hazilitaji: taarifa ya kweli inayochacha. Tarehe 18 Juni 2024 kamati ya fedha ya Bunge la Kitaifa ilitangaza kuyaondoa mapendekezo ya mkate na ya kodi ya magari. Bango la mkate lililokuwa sahihi tarehe 17 halikuwa sahihi tena tarehe 19, ingawa hakuna herufi iliyobadilika. Mswada ulipita kusomwa kwa mara ya pili tarehe 20 kwa kura 204 dhidi ya 115, ukapitishwa tarehe 25 kwa kura 195 dhidi ya 106, na tarehe 26 Rais akakataa kuutia saini na kuurudisha akipendekeza vifungu vyote vifutwe. Chora mstari wa tarehe hizo ubaoni, mpe kila kundi chapisho moja lisilo na tarehe, na waulize lingekuwa kweli katika siku ipi. Nimeona zoezi hili linafaa kuliko mengi ya picha, kwa sababu linamzoesha kijana kuuliza "ya lini?" kabla ya "ni kweli?"

Kuhusu ile akili unde ya kufafanua miswada: itumike, ina faida yake kwa asiyejua lugha ya sheria. Sharti ni moja. Kila jibu lije na namba ya kifungu, na mwanafunzi akifungue kifungu hicho mwenyewe. Zana hizi hutaja kifungu kisichokuwapo kwa sauti ile ile ya kujiamini zinayotumia kutaja kilichopo.

Tugeukie uchaguzi. Mwaka wa 2022 tume iliweka kwenye tovuti picha za Fomu 34A, ile inayojazwa kituoni, kutoka vituo 46,229. Mtu yeyote mwenye bando aliweza kuzifungua. Fomu hizo ni hazina ya darasani. Kila moja ina jina na namba ya kituo, kura za kila mgombea, kura zilizokataliwa, saini za afisa msimamizi na maajenti wa wagombea. Mpe kila kundi la watu watano fomu tatu na maswali haya: kura za wagombea zikijumlishwa zinalingana na jumla ya kura halali iliyoandikwa? Jumla hiyo imezidi idadi ya waliojiandikisha kituoni? Kituo kimezidi wapiga kura 700, ambao ndio ukomo? Maajenti wametia saini, na kama hawakutia, sababu imeandikwa? Fomu 34B ya eneobunge nayo iwekwe kando, watafute mstari wa kituo chao, waone kama namba ni ile ile.

Wakishafanya hivyo kwa mikono yao, waelezeni kile kilichowachanganya Wakenya wiki ile: televisheni moja ikionyesha mgombea huyu anaongoza, nyingine ikionyesha yule. Kila chombo kilikuwa kikijumlisha fomu zile zile kwa mpangilio wake, kimoja kikianzia maeneo haya na kingine yale. Jumla zote mbili ziliweza kuwa sahihi kwa fomu zilizohesabiwa mpaka saa hiyo. Darasani jambo hili linaonyeshwa kwa dakika tano: andika namba kumi ubaoni, kundi moja lianze kujumlisha juu, jingine chini, walinganishe baada ya namba nne, kisha baada ya kumi.

Haya yote bado ni nusu ya kwanza. Nusu ya pili ni ofisi.

Ibara ya 35 ya Katiba inampa kila raia haki ya kupata taarifa iliyo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Kupata Taarifa ya 2016 inaeleza jinsi. Ombi huandikwa kwa Kiingereza au kwa Kiswahili. Ndiyo, kwa Kiswahili, sheria yenyewe imesema hivyo, na vijana wa Pwani waitumie haki hiyo bila kuomba radhi. Kuwasilisha ombi hakulipiwi, mtu hulipia nakala tu. Ofisi ina siku 21 za kujibu, na inaweza kujiongezea muda mara moja, usiozidi siku 14, kama taarifa ni nyingi. Ombi likihusu uhai au uhuru wa mtu, ni saa 48. Ukinyimwa, una siku 30 za kupeleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, ambayo wengi tunaiita ofisi ya Ombudsman.

Maombi ya vijana hukwama kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kuomba hewa: "Tunataka kujua pesa za kaunti zimeenda wapi." Hakuna faili lenye jina hilo. Andika hivi: "Naomba nakala ya mkataba na cheti cha kukamilika kwa kazi ya ukarabati wa zahanati ya" jina, "wadi ya" jina, "katika mwaka wa fedha" fulani. Waraka unaojulikana, mahali panapojulikana, mwaka unaojulikana. Sababu ya pili ni kutokuwa na ushahidi wa siku ombi lilipofika. Peleka nakala mbili, moja ibaki ofisini, nyingine igongwe muhuri wa tarehe urudi nayo. Siku 21 zisizo na siku ya kwanza hazihesabiki.

Kwa miswada na bajeti, waraka wa maoni unaosomwa ni ule wenye safu tatu: kifungu namba ngapi, unapendekeza kiandikwe vipi, na kwa sababu gani. Ukurasa mmoja wenye safu tatu unampa karani wa kamati kitu cha kunakili kwenye ripoti. Kurasa sita za uchungu, hata uchungu wa haki, hazimpi. Katika kaunti tarehe zinajulikana mapema: mpango wa maendeleo wa mwaka hufikishwa kwenye bunge la kaunti kabla ya tarehe 1 Septemba, mkakati wa fedha kabla ya tarehe 28 Februari, na makadirio ya bajeti kabla ya tarehe 30 Aprili. Klabu inayopanga vipindi vyake kuelekea tarehe hizo itakuwa na kazi ya kweli mkononi. Inayosubiri hashitegi ivume itafika mlango umeshafungwa.

Najua vikwazo vyenu. Shule nyingi za sekondari haziruhusu simu. Basi chapisheni picha za skrini kwa rangi nyeusi na nyeupe, nakala moja kwa kundi la watano, na matokeo ya utafutaji myachapishe pia, kurasa nne au tano, ili wanafunzi wachague wangefungua ipi. Kipindi maradufu cha dakika 80 kinatosha taarifa tatu, msijaribu nane kwa siku moja. Dakika 15 za mwisho ziwe za vikundi kueleza njia, na hizo msiziibe.

Kikwazo kizito zaidi ni siasa zetu wenyewe. Mwalimu akileta uongo wa upande mmoja tu, wanafunzi wa upande huo watafunga masikio na wana haki. Leteni mifano kwa jozi, mmoja wa kila upande, yenye uzito sawa. Wiki mbili za kwanza msiguse urais kabisa. Anzeni na bei ya unga, uhamisho wa wachezaji, tangazo la kazi la uongo linalodai ada ya usajili. Na mnapoandika ubaoni, andikeni lililo kweli kwa herufi kubwa. Uongo ukiandikwa mkubwa ndio utakaokumbukwa wiki ijayo.

Vijana watauliza: nimfanyeje mjomba aliyetuma uzushi kwenye kikundi cha familia? Kumuumbua mbele ya ukoo kutamfanya autetee mpaka kaburini. Amfuate kwenye gumzo la faragha: "Shikamoo mjomba. Ile barua ya asubuhi nimeitafuta kwenye tovuti ya kaunti sikuiona, niliyoikuta ni hii ya tarehe 4, haitaji ada yoyote. Nimeona nikuonyeshe wewe kwanza." Mara nyingi mjomba mwenyewe ndiye atakayerudi kwenye kikundi kusahihisha, na neno lake lina uzito kuliko la mpwa.

Mwisho kuna mpaka ambao hatuna budi kuuchora. Mwaka wa 2024 namba za simu za wabunge zilisambazwa ili wapigiwe kwa wingi. Barua pepe na namba ya ofisi ya mwakilishi ni mali ya umma, na kumwandikia ni haki. Namba ya mkewe, shule ya mtoto wake, picha ya nyumba yake, hizo si za umma, na anayezisambaza anamweka hatarini mtu asiyepiga kura yoyote bungeni. Kanuni hiyo hiyo iwalinde vijana wetu: wasichapishe nyuso za wenzao kwenye maandamano bila ridhaa, wala picha ya kitambulisho cha mtu yeyote, hata wanapothibitisha kwamba kitambulisho ni cha kughushi.

Karatasi za zoezi la 100.01 ziko mezani karibu na mlango, nakala mbili kwa kila mmoja. Mtaona zina zile kura nne na asilimia zake, lakini majina ya wagombea hayamo. Tumeyaacha kwa makusudi. Waacheni vijana wahesabu kwanza, mpaka kila kundi lifike kwenye 1,421 na lieleze kwa nini hata hizo hazipo, ndipo muwaambie ni kura za nani.